"Kasi Muhimu" Ni Mtego

Nililetewa kijitabu cha maelekezo ya mtambo, kimefasiriwa kwa Kiswahili, nikitupie jicho la lugha. Sentensi moja iliniondolea usingizi: "Usiuache mtambo katika kasi muhimu." Je, kilicho muhimu si ndicho tunachokishikilia? Fundi mwenye Kiswahili chake safi atadhani "usi-" imeingia kwa bahati mbaya, naye atauacha mtambo pale pale unapojivunja.

Hakuna shafti (mafundi husema hivyo, nami sina ugomvi nao) iliyosawazika kabisa. Uzito wake huegemea upande japo kidogo, na izungukapo uzito huo huivuta nje. Kasi ya mzunguko ikilingana na mtetemo wa asili wa shafti, yaani ule ambao ingetetemeka ukiigonga na kuiacha, kila mzunguko huongezea uliotangulia. Shafti hupinda, hukwaruza kuta, pengine hukatika. Dawa ni kupita upesi, mtetemo usipate muda wa kukua. Injini dhaifu hukwama hapo, nguvu yake ikaishia katika kutikisika.

Wengine hupendekeza "kasi ya hatari". Nao siwaungi mkono. Mwaka 1869 Rankine, mhandisi wa Uskoti, alifundisha kwamba juu ya kasi hiyo shafti haiwezi kuzunguka salama. Mwaka 1889 De Laval wa Uswidi alitia shafti nyembamba, yenye kunyumbuka, katika mtambo wake wa mvuke, akaivuka kasi hiyo, na ng'ambo akakuta utulivu. Huko upande mzito hugeukia ndani, shafti ikazunguka karibu na kitovu cha uzito wake. Jeffcott alilifafanua hilo mwaka 1919. "Hatari" yamwambia msomaji kwamba kuzidi ni kuangamia. Kosa la Rankine twalirudisha kwa mlango wa lugha!

Mimi nasema "kasi tete". Hali tete twaijua sote: haikaliki, ila hupitika. Tena sikio hulisikia jirani na "tetema", ingawa sidai kwamba ni ndugu. Mwenye neno bora na alilete, nitalipokea kwa mikono miwili.

Kijitabu nilikirudisha, "muhimu" nimelikata kwa wino mwekundu. Nikajibiwa kwamba neno limo katika orodha yao ya istilahi, haliguswi. Basi na iguswe orodha.