Kabla Hujanunua Laptop, Pima!

Jamani wadau, kuna ushauri unazunguka vijiwe vya kompyuta hapa Mwenge unanikera sana. Programu yako ya Python ikikokota, fundi anakwambia nunua mashine yenye nguvu zaidi. Mjuzi wa pili, huyu kasoma kidogo, anakwambia Python ni ya watoto, andika upya kila kitu kwa C. Jamaa yangu anayeishi kwa kuchakata data za watafiti alikuwa tayari kukopa pesa kwa ushauri huu. Akope alipe nini?

Chukua sensa ya 2022: watu 61,741,120. Jaribu kujumlisha namba nyingi kiasi hicho, tuseme umri wa kila mtu, kwa mzunguko wa kawaida wa Python. Utasubiri sekunde kadhaa. Zikiwa kwenye safu ya NumPy, jibu linatoka hujapepesa macho. Laptop ni ileile!

Python ni kama mkalimani aliyekaa katikati. Kila hatua anauliza: hii ni namba au ni neno? Ndipo ajumlishe. Swali lilelile mara milioni 61! NumPy inajua aina ya data tangu mwanzo, na hesabu inafanywa na kodi ya C ambayo kompaila ilishaigeuza kuwa lugha ya mashine. (Hata sum() ya Python yenyewe inaushinda mzunguko wako, maana nayo ni C kwa ndani.)

Na wanaodharau lugha za skripti wakumbuke Facebook ilijengwa kwa PHP. Ilipoelemewa haikutupa kazi yote. Mwaka 2010 ilitangaza HipHop, chombo cha kugeuza PHP kuwa C++ kisha kuikompaili. Na hao pesa za seva wanazo.

Endesha cProfile kwanza, inakuja bure na Python. Mara nyingi muda wote unaliwa na mistari michache tu. Hiyo ndiyo uipeleke NumPy, au Numba, au Cython. Sehemu ya kusoma mafaili na kupanga majedwali iache ilivyo. Ukiona muda unapotea kusubiri intaneti, basi hata C haikusaidii kitu.

Anayebisha alete programu yake pamoja na majibu ya cProfile. Bila vipimo sibishani na mtu.