Watu Katika Orodha ya Mirathi

Sifa za walowezi wa kwanza wa Kentucky, huko Marekani, zimeandikwa sana. Tunaambiwa habari za wanaume wenye shoka na bunduki waliovuka milima ya Appalachia, wakafyeka msitu na kujipatia riziki kwa jasho lao. Anayetaka kujua jasho lile lilikuwa la nani, na asome vitabu vya mirathi vya mahakama za wilaya. Wilaya tatu za kwanza, yaani Fayette, Jefferson na Lincoln, ziliundwa mwaka 1780. Miaka kumi baadaye, katika hesabu ya watu ya 1790, Kentucky ilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na zaidi ya 11,000 kati yao walikuwa watumwa.

Utaratibu wa mirathi ulikuwa wa kawaida kabisa. Mtu alipofariki, mahakama ilimteua msimamizi, kisha ikawatuma majirani watatu au wanne, watu waaminifu waliokula kiapo, wakathamini mali yote. Waliandika majembe, sufuria, vitanda, farasi na ng'ombe; na katika ukurasa ule ule waliandika watu. Kijana mwenye nguvu alithaminiwa kwa bei kubwa, mama na mtoto wake anyonyaye waliwekewa bei moja, na mzee aliyemaliza nguvu zake shambani aliweza kuandikiwa sifuri. Aghalabu lilitajwa jina moja tu, pasipo jina la baba.

Kisha ukaja mgawanyo, na hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo. Sheria ya Virginia ya mwaka 1662, ambayo Kentucky iliirithi, ilimfanya mtoto afuate hali ya mama yake. Kwa hiyo mtu aliweza kumwachia binti yake, kwa wosia, si mjakazi tu bali na uzao wa mjakazi huyo ambao haujazaliwa bado. Mjane alipata theluthi yake. Waliobaki waligawanywa katika mafungu yenye thamani sawa, na ili mafungu yalingane, mke aliweza kuangukia huku na mumewe kule. Warithi wakiwa wadogo, mlezi wao aliwakodisha watumwa mwaka hadi mwaka. Yatima wa bwana akalelewa kwa ujira wa watu ambao watoto wao hakuna mahakama iliyowaita yatima. Yalipokuwapo madeni, watu walipigwa mnada, mara nyingi mlangoni pa mahakama. Hata aliyeachwa huru kwa wosia hakuwa salama, kwa maana sheria ya Kentucky ya mwaka 1798 ililinda haki ya wadai.

Linalotusumbua ni kwamba katika vitabu hivi hakuna mjeledi. Kuna mwandiko mzuri, mihuri, viapo, na majirani waliotimiza wajibu wao bila kumchukia mtu. Papa Yohane Paulo II alipoandika mwaka 1987 juu ya miundo ya dhambi, wengi wetu tulidhani ni maneno ya wataalamu. Orodha ya mirathi ni muundo huo ukionekana kwa macho.

Wala Wakatoliki hawakuwa kando. Tangu mwaka 1785 familia za Kikatoliki kutoka Maryland zilihamia karibu na Bardstown, zikiwa na watumwa wao. Mwaka 1808 mji huo ukawa makao ya askofu. Watawa nao walimiliki watu. Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, lakini Kentucky utumwa ulidumu hadi 1865. Mwaka 2000 masista wa Loretto, wa Nazareth na Wadominiko waliomba msamaha hadharani huko Bardstown. Tunawapongeza, ingawa ilichukua miaka 135.

Wako wanaosema kwamba makaratasi haya yaachwe yazeeke, kwani kuyafunua ni kutonesha kidonda. Hatukubaliani nao. Hesabu za watu za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao. Kwa wengi, orodha ya wathamini ndiyo karatasi pekee iliyohifadhi jina.

Tumkumbuke Padre Augustus Tolton, aliyezaliwa mtumwa wa familia ya Kikatoliki katika wilaya ya Ralls, Missouri, mwaka 1854, akapewa upadre mjini Roma mwaka 1886. Mwaka 2019 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu Mstahiki. Mama yake, Martha Jane, alizaliwa utumwani Kentucky, akachukuliwa akiwa kijana hadi Missouri pamoja na mali nyingine za mabwana zake. Anayetaka kuwajua bibi na babu wa padre huyo hana budi kuanza na vitabu vya mahakama, katika kurasa za farasi na sufuria.