Viranja wapigiwe kura

Mhariri,

Katiba ya Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 18 kupiga kura, na akifikisha 21 anaweza kugombea ubunge. Umri huo hauko mbali na kidato cha sita. Je, tunamwandaaje? Shuleni kwa binti yangu kiranja huteuliwa na walimu, na kazi yake kubwa ni kuorodhesha wapiga kelele kwenye karatasi na kuipeleka ofisini ili wenzake wachapwe. Huko ni kumfundisha kupeleleza watu, na inaniuma.

Wanafunzi wapige kura wenyewe, kwa siri, baada ya kuwasikiliza wagombea mstarini. Kiranja wa chakula akabidhiwe daftari la stoo, ajue magunia mangapi ya mahindi yameingia na maharage yamebaki kiasi gani, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze na kuulizwa maswali. Mwanzoni atababaika; tumwache ababaike. Wasichana nao wasiishie kupewa usafi na umakamu. Walimu wakuu wanaweza kuanza muhula ujao, bila kusubiri waraka wa wizara.

Mzazi,
Morogoro