Msiwaambie Waende Ughaibuni

Kila mjadala kuhusu watu waliobadili jinsia unapozuka nchini Kenya, jibu moja hutolewa upesi, na hata wenye huruma hulitoa: kama hapa hawako salama, dunia ni pana, waende huko wanakokubalika. Jibu hilo limepata nguvu mpya tangu Januari 20, 2025, Rais Trump alipotia saini amri inayotambua jinsia mbili tu na kuzuia pasipoti ya Marekani isiandikwe jinsia nyingine isipokuwa ya kuzaliwa. Wamarekani kadhaa waliobadili jinsia wameanza kutafuta vyeti vya babu na nyanya zao waliotoka Ireland, Italia au Ujerumani, ili wapate uraia wa pili kwa haki ya ukoo. Siwalaumu hata kidogo. Mwenye hofu ana haki ya kupita mlango wowote ulio wazi. Ninachokipinga ni imani kwamba mlango huo upo kwa kila mtu, na kwamba ukishakuwepo sisi tunaobaki hatudaiwi kitu. Ukiitazama dunia kutoka Korbesa, imani hiyo haisimami.

Korbesa iko Merti, kaunti ya Isiolo, kwa Waborana wa Waso, na huku swali la babu yako ni nani halijawahi kumfungulia mtu njia. Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpakani Kaskazini, NFD, na kwa sheria ya 1934 wakazi wake hawakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya vita vya shifta, vya kutaka kuitenga NFD na Kenya, kuzuka mwaka 1963, familia za Isiolo zilikusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia. Wazee bado wanakiita kipindi hicho Gaaf Daaba. Kisha ikaja miongo ya kupigwa msasa. Kijana wa Nyeri alipeleka nakala za vitambulisho vya wazazi na kungojea chake. Kijana wa kaskazini alisimamishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa, akataja ukoo wake na kungoja waseme kama wanamjua. Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 inasema kila raia anastahili pasipoti na hati za usajili, lakini ilibidi kungoja hadi Februari 2025 ndipo Rais Ruto akatia saini, akiwa Wajir, tangazo la kuufuta msasa huo.

Sasa mfikirie kijana wa huku ambaye amesajiliwa mvulana na anajijua kuwa msichana. Hata bila kamati, ombi la kitambulisho linahitaji karatasi za mzazi. Akifukuzwa nyumbani, na wengi hufukuzwa, amepoteza baba, mama, na pia ushahidi wa uraia wake. Bila kitambulisho hapati pasipoti, na bila pasipoti mazungumzo ya ughaibuni yamekwisha kabla hayajaanza. Uraia wa ukoo wa nchi za nje unadai mambo yaleyale kwa ukali zaidi: cheti cha kuzaliwa cha babu, cheti cha ndoa ya wazazi, majina yanayolingana kutoka kizazi hadi kizazi. Karatasi hizo zimo ndani ya sanduku la nyumba ileile iliyomtoa nje. Wanaomshauri atumie nasaba yake wanamrudisha kwa watu walioikata.

Halafu nasaba ya nani? Uingereza humpa viza mwananchi wa Jumuiya ya Madola, Mkenya akiwemo, ambaye babu au nyanya yake alizaliwa Uingereza. Wakenya wenye babu kama huyo ni wachache, na miongoni mwao wako wajukuu wa walowezi na maafisa waliozaa nje ya ndoa na kuondoka bila kuacha jina. Kabla ya Julai 2006 sheria ya uraia ya Uingereza haikumruhusu baba asiyefunga ndoa kumrithisha mwanawe uraia. Italia, iliyokuwa na mlango mpana kuliko wengine, iliubana mwaka 2025 hadi kwa wenye mzazi au babu Mwitaliano. Kwa Mborana wa Korbesa, nchi ya mababu iliyo karibu ni Ethiopia, na kwa hakika ina mlango: tangazo lake namba 270 la 2002 linampa mgeni mwenye asili ya Ethiopia, hata kwa upande wa babu wa mzazi wake, haki ya kuishi na kufanya kazi huko. Lakini sheria ya jinai ya Ethiopia ya 2004 inafunga watu kwa mapenzi ya jinsia moja, na aliyebadili jinsia hutazamwa na polisi kwa jicho hilohilo. Hungaria nayo hugawa uraia kwa ukoo, na ndiyo iliyopiga marufuku mwaka 2020 kubadilisha jinsia kwenye hati. Damu inaweza kukupa nchi na isikupe usalama.

Wapo watakaosema kuna ukimbizi, ambao hauulizi babu. Ni kweli, lakini Mkataba wa 1951 humlinda aliyekwisha kuvuka mpaka, na wa Afrika Mashariki wanaovuka kwa miguu hawafiki Berlin. Wanafika kambi ya Kakuma, hapa Kenya. Machi 2021 wakimbizi wawili mashoga walichomwa kwa bomu la petroli humo kambini, na mmoja wao akafariki mwezi uliofuata. Kenya hii tunayomwambia mtu aikimbie ndiyo nchi ambayo Waganda waliikimbilia kuokoa maisha yao.

Pingamizi zito zaidi kwa wasomaji wa Merti ni la dini, na silipuuzi. Mafakihi wa Kiislamu wamejadili hukumu za huntha, mtu aliyezaliwa na dalili za jinsia zote mbili, kwa karne nyingi. Kuhusu aliyebadili jinsia wanatofautiana, wengi wa Kisunni wakikataa upasuaji, ilhali Iran ya Kishia iliuruhusu kwa fatwa ya Khomeini. Siombi msikiti wowote ubadilishe hukumu yake. Nauliza jambo dogo zaidi: je, kuna hukumu inayohalalisha kumpiga mtu sokoni, kumvua nguo kituoni, kumnyima kitambulisho? Anayeona kitendo ni dhambi bado anadaiwa damu na heshima ya jirani yake. Na watu wa kaskazini, walioambiwa mara nyingi warudi Ethiopia au Somalia walikotoka, wanajua vizuri maana ya kuambiwa kwenu si hapa.

Kinachohitajika kinaweza kupatikana hapahapa. Kubadili jinsia si kosa katika sheria ya Kenya. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya kisicho na alama ya jinsia, akiona cheti cha shule hakiihitaji. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni 1 mwanamke mwingine aliyebadili jinsia, baada ya kukamatwa na kudhalilishwa kwa upekuzi wa mwili, na ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Sheria hiyo ikiandikwa, isiishie kwenye alama ya jinsia. Imruhusu msajili wa Isiolo kupokea ushahidi wa mwalimu, muuguzi au chifu pale mzazi anapokataa kutoa karatasi zake, na ikataze ofisi yoyote kumzuilia mtu mzima kitambulisho kwa sababu ukoo wake umemkana. Wabunge wa kaskazini, waliopigania msasa ufutwe, wanaweza kulidai hilo kwa hoja zilezile walizotumia kwa ajili ya watu wao wote.