Kinezi: tunalipa kwa kusoma, tunalipa tena kwa kutumika



Kila mwaka wa masomo ukikaribia, swali ni lile lile: "Nisome nini yenye kulipa?" Ukijibu "kinezi", yaani kazi ya kurudishia mwili nguvu kisha kuvunjika, kupigwa risasi ao kupooza, watu wanacheka. Eti ni kazi ya kukanda watu. Eti haina franga. Leo tuweke hesabu mezani, tuone kosa ni la nani.

Gharama kwanza. Mimi nilisoma miaka 5, mfumo wa zamani: 3 ya graduwa, 2 ya lisansi. Minevali dola 400 kwa mwaka, jumla 2 000. Staji, memware na makaratasi: 500. Chumba na chakula dola 60 kwa mwezi, miezi 10 kila mwaka: 3 000. Yote pamoja dola 5 500. Kwa mzazi wa Masisi, hizo ni ng'ombe zimetoka zizini. Kwa mzazi wa Walikale, ni bidoni za mawese, moja kisha ingine. Kwa mzazi aliyekimbia vita na analala chini ya shitingi, ni ndoto tu.

Sasa mapato. Kisha diploma nilitumika katika hospitali moja ya serikali, bila matrikuli, bila mshahara. Nilipewa primu ya hapo hapo, dola 40 kwa mwezi, kama wagonjwa wamelipa. Wasipolipa, zero. Gawanya 5 500 kwa 40: miezi 137, zaidi ya miaka 11, bila kula wala kulipa nyumba. Huo si mshahara. Ni kijana asiye na kazi anayefadhili hospitali ya serikali.

Hapo wengine wanakata maneno: "Basi usisome kinezi, nenda Rubaya uchimbe." Tunakataa. Kazi hii hailipi, lakini si juu watu hawaihitaji. Wanaoihitaji hawana franga, na mwenye kupaswa kulipa ametoroka.

Angalia. Risasi ikivunja mfupa wa paja, daktari anapasua siku moja; kinezi anatumika miezi. Mguu ukikatwa na goti likiachwa bila mazoezi, linakauka likiwa limejikunja, na mguu wa bandia hauingii tena vizuri. Mtoto anakua, kwa hiyo mguu wake wa bandia lazima ubadilishwe mara kwa mara. Goma kuna Shirika la Umoja, kituo cha walemavu ambacho CICR imekisaidia. Lakini mtu wa Pinga ao Nyabiondo atafikaje Goma na magongo, katikati ya vizuizi vya wenye silaha? OMS inasema katika nchi nyingi zenye mapato ya chini na ya kati hakuna hata wataalamu 10 wa kazi hii kwa watu milioni moja. Na sisi wenye diploma tunakaa nyumbani!

Tusiambiwe franga haiko. Bisie, kule Walikale, inatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Rubaya, kule Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. M23 iliteka Rubaya mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba ilikuwa inakusanya hapo angalau dola 800 000 kwa mwezi. Dola 40 zangu zinaingia humo mara 20 000. Wenye bunduki wanakula juu ya vilima vyetu. Kinshasa nayo, kabla yao, haikutuma matrikuli. Wote wawili wametuachia waliokatika miguu.

Sheria iko. Katiba, kifungu cha 36, inasema serikali inahakikisha haki ya kazi na malipo ya haki. Tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria ya kulinda watu wenye ulemavu. Lakini sheria bila mtu wa kuitumikisha ni karatasi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila zoni ya afya ya Masisi na Walikale iwe na nafasi ya kinezi, yenye matrikuli na mshahara.
2. Shule zitangaze, kabla ya kupokea minevali, ni wangapi kati ya waliomaliza walipata kazi ya kulipwa. Na staji isiwe tena njia ya kukamua wanafunzi.
3. Mashirika ya misaada yaajiri vijana wa hapa na kuwafundisha, ili mradi ukifungwa ujuzi ubaki.
4. Yeyote anayekusanya ushuru wa madini, kila kilo ina jina la mtu aliyeumia. Siku ya kujibu itafika.

Na wewe unayetaka kujiandikisha, usikubali kudanganywa. Uliza: staji itafanyika wapi? Nani atailipia? Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Wakikosa jibu, shika minevali yako mkononi.

Lakini usiseme kinezi haina faida. Faida yake inatembea kwa miguu. Ni malipo tu yamepotea njia, na sisi njo tutayatafuta, bila silaha, bila kuchoka.