Mvi si ushahidi wa uchawi

Katika Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, wazee wameendelea kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana mzozo wa shamba la urithi. Wengine wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, Ganze.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa. Basi polisi wachukue hatua mzee anapotishiwa, wasingoje maiti. Mahakama ziharakishe kesi za ardhi. Machifu, maimamu na wachungaji wawakemee hadharani wachochezi. Nasi wana na wajukuu tukatae katakata kugawana shamba lililopatikana kwa damu ya babu zetu.