KODI ISIMFUKUZE MTU KWAO

Masaki ziko mbili. Iko ile ya Dar es Salaam, kwenye rasi ya Msasani, yenye majumba makubwa na nyumba za mabalozi. Na iko Masaki yetu, katika Wilaya ya Kisarawe, yenye mihogo, mikorosho na minazi. Jina ni moja, lakini safari ni ya upande mmoja. Vijana wetu wanafunga virago kwenda mjini, tena si kwenye majumba ya rasi, bali kwenye vyumba vya kupanga vya Gongo la Mboto na Mbagala. Wa mjini anapokuja kwetu huja siku ya Jumamosi, hupima kiwanja, huweka mawe ya mpaka, kisha hurudi zake.

Wako wanaosema kuwa vijana hao ni wavivu, wanakimbia jembe. Sisi hatukubali. Tumepita nyumba kwa nyumba kwa kazi ya Chama, tumekaa barazani na wazee na vijana, na tumeona kwamba mambo mengi humvuta mtu mjini. Lakini liko moja ambalo halisemwi katika mikutano yetu, nalo ni kodi: inatozwa nani, inakwenda wapi, na inamrudia nani.

Ndugu wananchi, jambo hili si geni katika nchi yetu. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, walihesabu vibanda. Watu nao wakajifunza kuhesabu: penye vibanda vitatu wakabaki na kimoja, wakasongamana ndani yake. Wengine wakajitenga porini, mbali na macho ya akida. Waingereza walipokuja na sheria yao ya mwaka 1922, wakatoza nyumba na kichwa pia. Basi Mzaramo asiye na mazao ya kuuza hakuwa na njia ila kwenda kubeba mizigo Dar es Salaam apate fedha ya kodi. Hakwenda kwa kupenda mji. Alisukumwa na kodi.

Tena alipofika mjini hakupata raha. Serikali ya kikoloni ilifanya misako usiku, na asiyekuwa na stakabadhi ya kodi alikamatwa. Mwaka 1944 ikatunga sheria ya kuwaondoa mjini watu iliowaita wasiotakiwa, wakarudishwa makwao kwa nguvu. Tazameni jambo hili la ajabu! Kodi ilimtoa mtu kijijini, na kodi hiyo hiyo ikamfukuza mjini. Mahali pa mtu pa kuishi palikuwa ndani ya karatasi.

Watu hawakunyamaza. Upare, mwaka 1945, maelfu waliacha nyumba zao wakapiga kambi Same kuikataa kodi iliyoitwa mbiru. Na kodi ilikuwa miongoni mwa madai yaliyowafanya wananchi wakate kadi za TANU baada ya mwaka 1954.

Lakini kweli haina budi kusemwa hata pale inapotugusa sisi wenyewe. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na kodi ya kichwa ya halmashauri ikafutwa mwaka 1969. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na ziliporudishwa katika miaka ya 1980 kodi ile ilirudi pamoja nazo, ikiitwa kodi ya maendeleo. Jina lilikuwa zuri, lakini mwendo ulikuwa ule ule. Mzee mmoja alitufungulia mkebe wake akatuonyesha stakabadhi alizozihifadhi miaka yote hiyo. Alitueleza jinsi walivyolala kwenye mikorosho waliposikia mgambo wanakuja, na jinsi alivyoogopa kwenda hata kumtazama mgonjwa kijiji cha pili kwa kukosa karatasi ile. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Wengi wetu tulio vijana leo tulikuwa watoto wadogo, hatukuwahi kulala porini kwa ajili yake. Tuwashukuru wazee, na tusisahau.

Wala msidhani ni sisi tu. Uingereza, nchi ile ile iliyotutoza kichwa, ilijaribu kuwatoza watu wake kodi ya kichwa mwaka 1990. Waingereza wengi wakajiondoa katika daftari la wapiga kura ili wasionekane! Kodi hiyo nayo ikafutwa, na mwaka 1993 ikawekwa nyingine mahali pake. Kule Marekani majimbo kama Florida na Texas hayatozi kodi ya mapato ya jimbo, na wako matajiri wanaohamia huko kwa ajili hiyo. Tofauti ni hii: tajiri huhama akichagua, maskini huhama akikimbia.

Sasa tuje leo. Hakuna anayekamatwa Masaki kwa kodi ya kichwa. Kwa nini basi vijana wanaondoka? Kwa sababu kodi haimsukumi tena mtu kwa nyuma, bali inamvuta kwa mbele. Sikilizeni inavyokuwa.

Kodi ya majengo tangu Julai 2021 hukatwa katika umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Hapo kijana hapati sababu ya kuhama, maana mita ya mjini hukata kama ya kijijini. Lakini upo ushuru wa huduma, ambao kampuni hulipa kutokana na mauzo yake kwa halmashauri ya mahali ilipo. Kampuni ziko wapi? Ziko Dar es Salaam. Halmashauri ya wakulima hubaki na ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, nasi tulifurahi, lakini mfuko wa halmashauri ulipungua.

Halafu yako mapato ya ndani, ambayo sheria inataka asilimia 10 yake ikopeshwe vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Asilimia ni moja nchi nzima, lakini kumi ya mfuko mnene si sawa na kumi ya mfuko mwembamba. Kijana wa Masaki anajua hesabu hiyo. Hufuata kodi ilikokusanywa, kwa kuwa huko ndiko kuliko na mkopo, zahanati yenye dawa na maji ya bomba. Nyuki hafukuzwi kwenye ua, wala haitwi, hufuata asali.

Basi tufanye nini? Kulia hakutoshi. Sisi twasema mambo matatu.

La kwanza, tuidai hesabu. Mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kukutana kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu wote. Hapa tujilaumu sisi wanachama. Mara nyingi tunaogopa kuuliza kwa sababu mwenyekiti ni shemeji au mjomba. Kumwuliza mjomba hesabu si kumvunjia heshima. Asiyeulizwa ndiye anayeharibika.

La pili, tudai stakabadhi. Gunia la korosho au la mihogo likitozwa ushuru bila stakabadhi, fedha hiyo haikwenda Kisarawe wala Dodoma. Imekwenda mfukoni mwa mtu, na kijiji kimeibiwa kisima.

La tatu, tuhesabiwe hapa tunapoishi. Mgao wa Serikali Kuu hutazama pia idadi ya watu. Kila aliyelala Masaki akaandikwa mjini ametupunguzia dawati na kitanda cha hospitali. Na ninyi wenye viwanja vya Jumamosi, hatuwafukuzi. Karibuni, jengeni, kaeni, ingieni mkutanoni kama wenzetu. Ila ardhi ya kijiji si duka la kuwekea fedha mpaka bei ipande. Msipokaa, mnawafungia wajukuu wa kijiji nafasi ya kukaa.

Na Serikali nayo tunaiambia kwa adabu: iliyafuta mapato ya halmashauri kwa wema, basi na iujaze mfuko wa halmashauri za wakulima kwa haki, ili mtoto wa Kisarawe asilipie umaskini wa wilaya yake kwa kuihama.

Babu zetu walikimbia kodi iliyowachukulia bila kuwarudishia. Vijana wetu wanaikimbilia kodi inayowarudishia wengine. Dawa ya yote mawili ni moja: kodi ikusanywe wazi, isomwe wazi, irudi ilikotoka. Siku hiyo kijana wa Masaki akienda Dar es Salaam, atakwenda kutembea, na jioni atarudi kwao.